Kanda Ambayo Kulusumu Hakuwa Nayo

Watu wa Namakwekwe, hapa Mbale, tuna kiherehere, na mimi Nambozo nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Nusura tumfungishe Kulusumu kibanda chake cha video kwa sababu ya kanda ambayo haipo duniani.

Kulusumu alikuja Mbale kutoka Bugembe, karibu na Jinja, vita vilipotulia, mjane, na deki moja ya video na jenereta bovu. Mimi nilikuwa nakaanga karanga mlangoni pake. Filamu zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo alisimama kando ya televisheni, akapunguza sauti, akatutafsiria kwa Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini mdomo alijaliwa. Kiswahili chenyewe tulikiogopa. Wakati wa vita ukikisikia mlangoni ulijua askari amekuja kuchukua kitu. Kwa Kulusumu tulikichekea, tena benchi moja na askari wa kambini. Hilo hakuna mkubwa aliyeliweza.

Tukapata tamthilia ya watu waliopotea angani wakitafuta njia ya kurudi kwao. Nahodha wao alikuwa mwanamke, Kulusumu akampa jina la Nabifo, akawa Mgisu kabisa, mtu wa kabila letu. Sokoni wanawake walimuulizia Nabifo kama jirani aliyelazwa hospitali.

Halafu ikakatika. Nabifo amefungiwa ndani ya chombo, hewa inamwishia, na kanda imeisha. Dauda, mdogo wake Kulusumu aliyeleta kanda kutoka Nairobi, akarudi mikono mitupu.

"Dada, hakuna nyingine. Wazungu wenyewe waliacha kuitengeneza. Kwao haikupata watazamaji."

Nani akubali? Hadithi ilitoka kinywani mwa Kulusumu kila jioni, basi mwisho lazima anao. Wakasema ameuficha awaonyeshe wakubwa. Mawe yakaanza kurushwa juu ya bati. Ndipo akaja Sajini Ojok wa kambini, Mwacholi wa kaskazini, mtu wa maneno machache.

"Mama, Jumamosi onyesha mwisho. Kama hapana, mimi nafunga hapa. Sitaki vita tena, vita ya video."

Nilimwambia Kulusumu aondoke kabla hawajamvunjia deki.

"Nambozo, nilikimbia Jinja, nikakimbia Iganga," akanijibu. "Hapa sitoki."

Nilimkasirikia sana, maana nilimpenda.

Jumamosi kibanda kilifurika, wengine wakaning'inia madirishani. Kulusumu akaweka kanda, akazima sauti kabisa. Kwenye kioo watu wamejaa uwanjani, wanapunga mikono na kulia, chombo kikiwa mbele yao. Masaba, fundi baiskeli, mtu asiyejua kukaa kimya, akasema, "Lakini hii ni kanda ya kwanza. Hapa ndipo walipoondoka."

Kulusumu hakumtazama hata kidogo.

"Wameona taa za chombo," akaanza. "Wanaambiana, ni Nabifo huyo. Yule mwenye kitambaa ni mama yake. Anasema, mwanangu, matanga yako tulishakaa, tukanyoa na vichwa, kumbe u hai."

Masaba akafungua kinywa tena. Ojok akamshika bega.

"Nyamaza, wewe. Wanarudi."

Machozi yalikuwa yanamtoka afande, wala hakuyafuta. Kwao kaskazini bunduki zilikuwa bado zinalia, na hakuwa amemwona mama yake tangu vita vianze.

Kulusumu akaendelea. Alieleza mlango ulivyovunjwa hewa ikaingia, na akawataja mmoja mmoja waliorudi. Alipofika pale Nabifo anapokanyaga udongo wa kwao, kibanda kizima kilisimama. Wanawake tulipiga vigelegele, askari wakapiga buti chini mpaka vumbi likafunika kioo, na hakuna aliyejali, maana kioo hakikuwa na kazi tena. Masaba ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kupiga makofi.

Tangu siku hiyo watu walikuja hata kutoka Busiu, nje ya mji. Na Dauda akileta tamthilia mpya, walimuuliza kwanza, "Hii Wazungu wameimaliza?"

Akisema ndiyo, walikunja uso. "Basi irudishe. Lete ambayo ataimaliza Kulusumu."