Maua ya Sesi Nimeyachoma Leo

Leo nimemliza mama yangu kwa mkasi.

Mnajua nilifanya kazi shamba la maua Arusha. Kule ua likinyauka tu, unalikata ili mmea utoe mengine.

Basi asubuhi mama kaenda kusali jumuiya, mimi nimebaki nyumbani hapa Milanzi. Naangalia maua yake ya njano pale kando ya ukuta, mengi yamekauka. Nikasema ngoja nimpendezeshee.

Nikakata makavu yote. Nikafagia, nikachoma pamoja na takataka. (Na picha nikapiga, najisifu!)

Mama karudi.

"Shikamoo mama, njoo uone!"

Akayaangalia maua.

"Yale makavu yako wapi?"

"Nimechoma, mama. Sasa yatachanua mengine."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi, na kitenge chake cha kanisani.

"Zilikuwa mbegu za Sesi."

Sesi ni dada yangu, marehemu. Maua yale aliyapanda yeye. Kumbe kila mwaka mama anayaacha yakauke, anafunga mbegu kwenye kitambaa, mvua zikianza anapanda tena, hapa na kaburini kwake Mwazye. Mimi nilikuwa Arusha, ningejuaje?

Sasa mvua zimekatika na baridi ndiyo hii. Hata yaliyobaki na yatakayochanua, mbegu zake hazitakomaa.

Nimechambua majivu mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Sijapata hata moja.

Nikamwambia mama, ngoja niulize humu kwenye group, labda kuna jirani ulimgawia.

Akasema nisijisumbue. Hakuwahi kumpa mtu. Aliogopa zitapotea.