Kijiti cha Kati

Jina la baba mkwe wangu silitamki, na si kwamba nimelisahau. Kwetu Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halipiti kinywani mwake. Siku hizi wengi wamelegeza, hata hapa Makandana utawaona wakwe wanasalimiana barabarani bila wasiwasi. Sisi hatukulegeza. Mama mkwe alipokuwa hai ndiye aliyepeleka chakula sebuleni. Alipofariki nikawa naweka sinia juu ya kigoda mlangoni, nagonga ukuta, halafu nakimbilia jikoni kwenye cherehani yangu. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani anapita tu. Basi tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja na hatuonani.

Mzee alikuwa na ugonjwa wake, kriketi. Ujanani alimpikia meneja Mwingereza kwenye shamba la chai, na meneja yule hakuwa na mtu mwingine wa kusikiliza naye redio Waingereza wakicheza na Waaustralia. Akamwambukiza mpishi wake. Watoto walipomnunulia televisheni na dishi, wakidhani atatazama taarifa ya habari na kwaya, yeye akatafuta wazungu waliovaa nguo nyeupe wanaosimama uwanjani siku tano. Siku tano jamani! Na zikiisha inawezekana kabisa asipatikane mshindi, wakapeana mikono wakaenda zao.

Kisha macho yakaanza kumwishia. Mtoto wa jicho, walisema hospitalini. La kushoto lilikuwa limeshazibika na la kulia linafuata. Akawa anasikiliza tu. Sasa watangazaji wale, sijui nani aliwaajiri, wana tabia ya kunyamaza pale hasa kitu kinapotokea. Alasiri moja ya baridi, ukungu umeshuka mpaka migombani, nikasikia uwanja umelipuka kwa kelele na mzee anauliza peke yake, "Ametoka? Nani ametoka?" Nikachungulia kwenye pazia la jikoni. Mdomo ukanitangulia.

"Kijiti kimeruka," nikasema.

Miaka yote ile sikuwahi kumsemesha. Halafu mzee akauuliza ukuta ni kijiti kipi, nami nikaijibu televisheni kuwa ni cha kati.

Ndivyo tulivyoanza. Yeye anauuliza ukuta, mimi naijibu televisheni, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Kila siku nikasogea kidogo, kutoka kwenye pazia hadi mlangoni, mwisho nikakaa kwenye kigoda nyuma ya kiti chake. Nilijiambia kwamba mwiko ni wa macho. Yeye haoni, na mimi naona kisogo tu. Kama nilikosea, Mungu anajua nilikuwa na sababu.

Mchezo wenyewe sikuuelewa, na mpaka leo nababaika. Najua kuna mrushaji anayekimbia kutoka mbali na kuuachia mpira, na mpigaji mwenye ubao analinda vijiti vitatu. Najua wanasimamisha mchezo ili wanywe chai, na hilo lilimfurahisha mzee kuliko yote. Halafu wanagombania kikopo cha majivu. Nikauliza majivu ya nani. Mzee akaueleza ukuta kwamba zamani Waingereza walifungwa nyumbani kwao, gazeti likawadhihaki kuwa kriketi yao imekufa, itachomwa na majivu yapelekwe Australia. Nikasema msiba gani huo usiokwisha, hao watu hawaanui matanga? Alicheka mpaka akakohoa.

Waaustralia walikuwa na mrushaji mmoja mrefu, mtu wa kuinama kila mlangoni. Alianza kukimbia taratibu, kama mama aliyechelewa ibada na anaona aibu watu wamwone anakimbia, kisha ghafla anafyatuka. Mpira huuoni. Unachoona ni vijiti vimelala na mpigaji anageuka nyuma kuvitazama kana kwamba si vyake. Siku ya nne ya mechi aliwaangusha Waingereza kadhaa kabla ya chai, mmoja baada ya mwingine, na mzee, ambaye roho yake ilikuwa kwa Waingereza, kila mara alitaka nirudie alivyokimbia.

Wakati huohuo madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi hospitalini. Wifi yangu alikuja kutoka Masukulu kumsihi baba yake akapasuliwe. Mzee akasema mechi iishe kwanza. Siku ya tano ikafika, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya madaktari. Nikamsikia anauambia ukuta kwamba wiki ijayo kuna mechi nyingine. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia, mwiko au si mwiko, utabaki gizani kwa ajili ya wazungu na ubao?

Mzee akageuza kichwa kidogo, akauacha ukuta.

"Nikiona," akasema, "wewe utakaa wapi?"

Wiki nzima nilidhani anaogopa kisu. Nilitaka kulia, nilitaka kumgombeza, na nilijua kabisa anasema kweli, maana akiona mimi narudi jikoni. Lakini jicho ni jicho.

Waingereza walikuwa wamebakiwa na mpigaji wa mwisho, na mikimbio, yaani pointi zao, waliyohitaji ilikuwa michache. Yule mrefu akapewa mpira. Nikasema anapangusa mpira kwenye suruali. Nikasema anakuja. Halafu nikaona watu wanaruka, wengine wameshika vichwa, nikachukua rimoti nikazima kabla mtangazaji hajafungua kinywa.

"Kashinda nani?" mzee akauliza.

Nikamwambia marudio atayatazama mwenyewe akitoka kupasuliwa. Alinuna vibaya sana. Asichojua ni kwamba hata mimi sikujua nani kashinda. Nilizima nikiwa nimechanganyikiwa hivyohivyo. Na Rungwe nzima hakuna wa kumuuliza! Alimpigia simu mume wangu, akapewa matokeo ya ligi. Kesho yake wifi akamshika mkono kumpeleka hospitali, mimi nikafuata kwa mbali na kikapu, nikamsikia anamuuliza nesi. Nesi naye akampa matokeo ya ligi.

Alipofunguliwa bandeji alisoma saa ya ukutani, wifi aliniambia. Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Kabla hawajafika nyumbani nikaondoa kigoda sebuleni, nikakirudisha jikoni, nikakaa juu yake nikimenya ndizi na machozi yananitoka. Huyo ninayemlilia ni mzima, ametoka kupona! Nikajiona mjinga.

Alasiri wifi akamwashia marudio, akaaga. Mimi niko nyuma ya pazia. Nikasikia kiti kinaburutwa sakafuni, kizito, kinaburutwa tena. Nikachungulia. Mzee alikuwa amekigeuza kiti kuelekea dirishani, kwenye migomba, na televisheni ameipa mgongo.

"Kigoda kimekwenda wapi?" akauuliza ukuta.

Nikakichukua, nikaingia, nikakaa mahali pangu. Akauliza yule mrefu anafanya nini. Nikasema anapangusa mpira. Anaanza taratibu. Sasa anakuja. Kisha nikaona, na safari hii nikaelewa.

"Kijiti cha kati," nikasema. "Kimelala."

Waingereza wake walikuwa wamefungwa. Alitikisa kichwa, akaitazama migomba kwa muda.

"Ndaga," akasema, yaani asante, na hakuuambia ukuta.