Pikipiki Iliyopakwa Samli

Basili Tluway alivuta mafuta, pikipiki ikakohoa. Akavuta tena, ikanguruma kidogo, ikasita, ikarudi kukohoa, na moshi mweusi ukamfuata binti yake Erica aliyekuwa akianika mahindi uani.

"Baba, kesho Xavery wa vitunguu anakuja," Erica alisema bila kugeuka. "Tulikubaliana. Ikipanda kilima cha shule bila wewe kushuka kusukuma, inabaki. Isipopanda, anachukua injini akaifunge kwenye pampu ya vitunguu vyake."

Pampu ya vitunguu, jamani. Pikipiki iliyobeba chanjo ya nusu ya Hanang leo ikavute maji ya vitunguu! Lakini makubaliano mzee aliyakubali kwa kinywa chake mwenyewe.

Alizaliwa katika kijiji cha Daudi, kule juu kwenye baridi, ila ujana wake ulimalizikia huku chini, akiwa bwana mifugo wa Basotu. Pikipiki ile nyekundu alikabidhiwa mwaka sabini na sita. Enzi hizo kila kitu kilikuwa cha serikali: josho, dawa, petroli, hata koti la mvua. Akifika kwenye boma la Wabarbaig watoto walimkimbilia wakisema daktari amekuja, naye hakuwasahihisha, kwa nini awasahihishe? Halafu mambo yakageuka. Dawa zikahamia madukani, majosho yakakauka, na yeye na wenzake wakapunguzwa kazi kwa barua ya mistari minne. Aliondoka na pikipiki kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Sasa ulikuwa mwaka elfu mbili na nne, mkoa wa Manyara bado mchanga, na Basili akiandika barua bado aliandika Arusha, akakumbuka, akafuta.

Hakuitaka pikipiki kwa ajili ya kujionyesha. Wiki mbili nyuma alikutana na Gidabuday mnadani, mfugaji wa Balangdalalu aliyemfahamu tangu kijana.

"Mama anakuuliza," Gidabuday alimwambia. "Macho yameshakwisha. Anasema, yule daktari na mnyama wake mwekundu wamekufa?"

Basili aliona aibu. Mwaka mzima alikuwa hajafika kwa yule mama, na zamani hakuwahi kuruka mwaka. Njia ile haina basi, na magoti yake hayawezi tena safari ya mguu. Pikipiki ikienda kwenye vitunguu, basi, ndiyo hawaonani tena duniani.

Fundi wa Katesh alikuwa ameshabadilisha plagi, ameosha kabureta, ameweka waya mpya wa mafuta. Mwishowe alisema, "Mzee wangu, hii imechoka, ipumzishe." Maneno hayo yalimuuma Basili kuliko alivyoonyesha.

Jumamosi hiyo, Erica alipoacha mahindi akaingia ndani, Basili alifungua plagi mwenyewe. Ilikuwa na masizi matupu, na plagi ile haijamaliza mwezi. Akakaa akiitazama. Masizi maana yake petroli ni nyingi na hewa ni kidogo. Ndipo akajicheka kwa hasira. Miaka ishirini amewafokea wafugaji: ng'ombe akikohoa mtazame pua kwanza, acha kwato! Na hii yake wameitibu moyo, wameitibu mishipa, puani hakuna aliyetazama.

Pua ya pikipiki ni chujio la hewa, ubavuni chini ya kiti. Nati ilikuwa imeshika kutu, maana tangu karakana ya serikali ifungwe hakuna aliyeigusa. Ilipoachia, ndani hakuona sponji. Aliona donge jeusi la mafuta yaliyogandamana na vumbi na makapi ya ngano. Akalivunja, akanusa. Samli, tena yenye moshi wa kibuyu.

Akakaa chini pale pale.

Ilikuwa mwaka wa homa ya mapafu. Alichanja ng'ombe wa Mama Gidabuday siku mbili kwenye mvua. Wakati wa kuaga, mama alileta kibuyu, akampaka samli kwenye paji la uso ili asafiri salama. Kisha akaigeukia pikipiki iliyokuwa ikinguruma, akapapasa mpaka kiganja kikahisi hewa ikivutwa ubavuni. "Huyu naye anapumua," alisema. "Apakwe pale anapopumulia." Basili alicheka, lakini baraka ya mkubwa haikataliwi. Kila mwaka akapaka. Karakana ilikuwa ikiosha bila kuuliza. Baada ya karakana kufungwa, baraka zikavutwa ndani pamoja na hewa, zikajazana.

Aliiosha sponji iliyokuwa ndani ya donge kwa petroli, polepole, na machozi yalimtoka, hakuyazuia. Kisha akafunga, akapiga kiki, akavuta mafuta. Injini ikaitika papo hapo. Erica akatoka na mwiko mkononi.

Kesho yake Xavery alisubiri juu ya kilima na spana zake mfukoni, Erica pembeni yake. Basili alipanda kwa gia ya pili, amekaa wima, akawapungia mkono, akapita.

"Baba, unaenda wapi?" Erica aliita, lakini baba alikuwa ameshashika njia ya Balangdalalu.

Mama Gidabuday alikuwa ameketi mlangoni mwa boma. Aliusikia mlio kabla ya mtu yeyote, akasimama kwa fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekawia, daktari."

"Mnyama alikuwa anaumwa."

"Aliumwa nini?"

"Uzee tu, mama," Basili akasema.

Mama akaagiza kibuyu. Akampaka Basili paji la uso, akachovya tena, na kiganja chake kikaanza kutembea juu ya tangi la pikipiki iliyokuwa bado ikinguruma, kikashuka kwenye kiti, kikitafuta. Hakikupata. Basili akanyoosha mkono kwenye usukani, akavuta mafuta kidogo, ili mama aisikie pumzi ilipo.