Ukurasa wa Tisa wa Hukumu

Gunnel Stridsberg alikuwa karani wa masjala ya mahakama ya wilaya, kaskazini mwa Uswidi, kwa miaka thelathini na mmoja, na alijivunia jambo moja: hakuwahi kumuuliza mtu kwa nini anataka nakala ya hukumu. Sheria ya huko hairuhusu. Hukumu ni mali ya umma; anayeitaka anapewa, hata jina hataji, na karani anatia mdomo kufuli. Walikuja wenye nyumba za kupangisha, waandishi wa habari, majirani wambea, na wasichana waliotaka kumjua mwanamume kabla ya kuhamia kwake. Gunnel aliwapa wote, akawatakia siku njema.

Hukumu moja tu hakuigusa. Ilikuwa ya Jerker, mwanawe wa pekee, aliyefungwa miaka miwili kwa kumpiga mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Jaji aliletwa kutoka mji mwingine, lakini jalada lilirudi kulala ghorofa ya chini, chini ya kiti cha Gunnel. Miaka tisa hakulifungua. Jerker alimwambia lilikuwa kofi moja, naye akaling'ang'ania hilo kofi moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa, lakini huu ulikuwa upofu wa kujitakia, nami nausema nikimhurumia.

Februari, theluji ikiwa imefika madirishani, akaingia Ylva, mwalimu wa chekechea, mchumba mpya wa Jerker. Krismasi alikula meza moja na Gunnel, na Pasaka alikuwa ahamie kwa Jerker. Tangu ampate, Jerker alikuwa ameanza kucheka tena. Ylva alivua glavu, akasimama dirishani kama mgeni, akataja jina kamili la Jerker na mwaka wake wa kuzaliwa. Alikuwa anaomba nakala ya hukumu.

Gunnel angeweza kumwambia jalada limepelekwa hifadhi kuu, arudi baada ya wiki tatu. Wiki tatu zingemtosha Jerker kumweleza kwa maneno yake mwenyewe. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi. Ndipo alipowakumbuka wasichana wote aliowapa karatasi za wana wa watu wengine, akaona haya. Akashuka, akapanda na jalada, akanakili kurasa kumi na nne huku akiangalia ukuta.

Ylva alisoma palepale, amesimama.

“Mama Gunnel, wewe umeisoma?”

“Sijaisoma.”

Kwenye ukurasa wa tisa alikaa sana.

“Hapa yule dada aliyepigwa anasema Jumapili ile alijifungia chooni, akakupigia simu wewe.”

Gunnel alijua maneno hayo lazima yamo. Ndiyo sababu ya miaka tisa.

“Alinipigia.”

“Ukamwambiaje?”

“Nilimwambia atoke tu, achemshe kahawa. Kwamba hasira za Jerker hazidumu.”

Ylva alizipanga karatasi, akazitia mkobani, akavaa glavu moja, kisha ya pili. Hakukasirika. Heri angekasirika, Gunnel angepata la kujitetea.

“Ndivyo ilivyoandikwa,” Ylva alisema taratibu. “Alikusikiliza, mama. Alitoka, akaichemsha. Ndiyo hiyo kahawa Jerker aliyommwagia usoni.”