Mwanamke Aliyekuja na Calvince kutoka Kongo

Hii ilitokea huku kwetu Kombewa.

Watu walikuwa wameshamlilia Calvince na matanga yakaisha, ndipo jamaa akatokea langoni kwake, mzima.

Mkewe, Awuor, alimrukia akilia. Halafu akaona mwanamke amesimama nyuma yake.

"Anaitwa Masika," Calvince akasema. "Atakaa na sisi."

Basi, akaingia ndani.

Calvince ni fundi wa pampu za maji. Alienda kutafuta kazi Kongo, kwenye kijiji ambako kila kitu hulipwa kwa dhahabu: chakula, nguo, hata karo. Dhahabu hiyohiyo ikaleta watu wenye bunduki, na simu yake ikazimika.

Sasa amerudi, na Masika ndiye anajua kwamba Calvince akishtuka usingizini aitwe polepole, asiguswe.

Amejuaje?

Wivu ulimshika Awuor. Jirani yake, Achola, akachochea: "Mama, huyo ni mke mwenza. Wewe endelea kumpikia."

Jumapili moja Awuor alitoka kanisani akamkuta Masika akimpangusa Calvince machozi kwa leso yake.

Akamtupia vitu vyake nje. "Toka kwangu. Rudi kwa bwana yako."

Masika akajibu taratibu, kwa Kiswahili cha kwao. "Bwana yangu haiko tena, mama."

Calvince akainamisha kichwa.

"Wale ba bunduki walikuja kutafuta fundi wa pampu, wamupeleke kwa mashimo yao ya dhahabu. Papa Calvince alikuwa kwetu, tumemuficha chini ya kitanda, anaugua homa. Bwana yangu akawaambia, fundi ni mimi. Wakamubeba. Pampu ikamushinda, wakamuua. Kijiji kikachomwa, sisi tukakimbia. Leo tulikuwa tunamulilia."

Awuor akaanza kuokota vitu alivyovitupa.

"Aliitwa nani?"

"Kambale."

Awuor akaketi chini kando yake, na nguo zake za kanisani.

Siku hizi wanauza omena pamoja sokoni. Mtu akiuliza, Awuor anasema, "Huyu ni mke wa shemeji yangu, marehemu Kambale."

Lakini nisikudanganye. Kuna jioni Masika na Calvince hunyamaza pamoja, na Awuor husikia ule wivu ukimchoma tena. Huinuka, akawawekea chai, akakaa nao.

Wivu una macho makali, ndugu zangu. Kinachoupungukia ni mdomo wa kuuliza.