Kiangazi cha Marthe

Tabia akisusa, amesusa. Atakaa na wewe meza kwa meza tangu asubuhi, atakuomba hata chenji, lakini neno la ziada hupati. Mimi Saida nauza kanga na mitandio ubavuni pake, hapa barabara ya Jules, mtaa wa Malvern, Johannesburg, basi namjua. Yeye anauza bajia na mihogo ya kukaanga. Mwanamke wa Tanga, mnene, mcheshi, mume hana, mtoto hana. Mtaa mzima unamwita Mama Bajia, na jioni akifunga mlango wa chumba chake hakuna anayeugonga.

Aliyekuwa akiugonga ni Marthe, msusi wa Kikongo kutoka Uvira. Hao wawili walijuana kwa kugombea kivuli katika bustani ya mtaa, na ugomvi ukaishia kwenye sahani moja. Joto la mwisho wa 2016 hawakukosa Jumapili. Marthe akitoka kanisani anampitia mwenzake, kiti cha plastiki kichwani, vitana mfukoni, Tabia nyuma na beseni la bajia. Wanakaa chini ya mti uleule, Marthe anasuka watu, Tabia anauza kidogo na kugawa zaidi.

Nilikwenda nao, sikusimuliwa. Jamani, raha ile! Moshi wa nyama kila upande, magari yamefunguliwa milango ili muziki utoke, wazee wa Kizulu na kofia zao wanacheza kwa madaha, watoto wameloa chepechepe kwa maji ya mpira wa bustani. Wasichana wakazungusha kamba. Tabia akajifunga kibwebwe, akaingia katikati na mwili wake wote ule, akaruka, akaruka, bustani nzima ikapiga kelele, "Mama Bajia! Mama Bajia!" Ikaja mvua ya alasiri na radi zake, tukabanana chini ya paa la choo, weusi wa kila pembe ya Afrika, tukaimba wimbo ambao nusu yetu hatukujua maneno yake. Tabia alicheka mpaka machozi. Aliniambia siku ile alisahau kabisa kuwa yuko ugenini.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, Placide, mume wa Marthe, akapata kazi ya ulinzi Cape Town. Siku ya kuagana, pale stendi ya mabasi, Tabia alilia bila haya. Marthe akamshika mabega, akamwita yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao.

"Usilie, yaya. Kiangazi nitakuya. Uningoje palepale, ku muti yetu."

"Kiangazi," Tabia akaitikia, akafuta kamasi.

Basi Desemba ikaingia, jua la kutoboa utosi. Johannesburg ya Desemba mnaijua: wenyeji wanakwenda makwao, maduka yanafungwa, unabaki wewe na wageni wenzako. Tabia akanunua mkeka mpya. Kila Jumapili akakaanga bajia za karamu, akaenda kukaa chini ya mti, na jioni beseni likarudi limejaa. Nikamwambia, "Mpigie, muulize anakuja lini."

Akanikata jicho. "Mgeni anaulizwa siku? Ataona namfukuza kabla hajafika."

Adabu hiyo ya kwao Tanga! Mimi niliona ujinga mtupu. Marthe mwenyewe alikuwa akimtumia sauti kwenye simu, salamu za watoto, na mwishoni lazima aseme, "Kiangazi, yaya, usisahau." Tabia anasikiliza, anatabasamu, kesho yake anaroweka dengu. Akajikaza kisabuni hivyo hivyo mpaka joto lilipoanza kuvunjika, mwezi wa tatu. Hapo akasusa. Akaifungia namba ya Marthe.

"Amenifanya mtoto," akaniambia. "Kiangazi kizima nimekaa peke yangu kama mwendawazimu. Nilikuwa na mtu mmoja tu mji huu, Saida. Mmoja!"

Tangu siku hiyo hakupita tena bustanini. Anazunguka njia ndefu.

Jumapili moja ya Julai, baridi inakata masikio, nilikuwa nakatiza bustanini kupeleka kanga za mtu. Nyasi zote njano, mti umebaki fito, hakuna hata mbwa. Chini yake nikaona mtu kajifunika blanketi, mbele yake kiti kitupu cha plastiki. Marthe!

"We mwanamke, unafanya nini hapa na baridi hii?"

"Nangoja Tabia. Simu yake haiingie. Nimegonga ku nyumba, hakuna mutu. Nikasema atakuya huku, tuliambiana kiangazi."

"Kiangazi? Hiki kipupwe, Marthe!"

Akaniangalia kama mimi ndiye mwehu. Akanionyesha mbingu. "Mvua iko wapi? Majani yote imekauka. Kwetu Uvira kiangazi njo hii, mwezi wa sita, wa saba. Desemba ni mvua tupu, utaiitaje kiangazi?"

Nikakaa kwenye kile kiti. Sisi wa pwani, mimi na Tabia, kiangazi chetu ni jua kali la Desemba na Januari. Kwao ni mvua kukatika, hata kukiwa na baridi. Nilitamani kuwazaba vibao wote wawili.

Nikampigia Tabia, alikuwa mjini kununua unga wa dengu. Nilipomaliza kumweleza nikasikia anahema kwa kukimbia. Alifika bila koti, ndala miguuni. Wakakumbatiana mpaka nikaangalia pembeni.

"Nilikuya kukuaga, yaya," Marthe akasema. "Makaratasi ya kuhamia Kanada yametoka. Ndege ni mwezi ujao. Basi yangu ya kurudi ni leo jioni."

Bustani ilikuwa tupu, Tabia akavua mtandio, akakaa kwenye kiti, na Marthe akaanza kumsuka kwa vidole vilivyokufa ganzi. Hakukuwa na bajia wala kamba wala wimbo. Tulikuwa sisi watatu na upepo.

"Utakuja kunitembelea?" Tabia akauliza bila kugeuka.

"Nitakuya, yaya. Kia..."

"Usiniambie kiangazi. Safari hii nitajie mwezi."

Vidole vya Marthe vikasimama kichwani mwake. Na mimi nilitega sikio. Kisha vikaanza tena kusuka, taratibu, na mwezi hakuutaja.