Kichwa Changu Mbele ya Dishi

Kazi yangu ni kufunga madishi ya TV hapa Bunda. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo huenda haya nimeyaelewa nusu.

Mwalimu wa fizikia wa Butiama aliniambia wataalamu huunganisha madishi ya nchi mbalimbali, yote yakasikiliza nyota moja kama dishi moja kubwa. Akataka tujaribu kwa udogo wetu: yeye Butiama, fundi mwenzangu mtaa wa Nyakato kule Musoma, mimi Guta, hapa Bunda. Madishi matatu yaelekee sehemu moja ya anga, jua lipite mbele yake. Kila dakika tuandike mshale wa kipima mawimbi umefika wapi.

"Ukipanda kwako tu, hiyo ni kelele ya kwenu," alisema. "Ukipanda kwetu wote, ni jua."

Mke wangu alinikuta uani na daftari. "Baba watoto, jua lote hilo, bado unalitafuta kwa dishi?"

Saa saba na dakika nane mshale ukapanda. Nikaandika. Ukashuka. Dakika ya kumi na tisa ukapanda tena, taratibu, ukakaa juu. Jua moja, lipande mara mbili?

Ndipo nikakumbuka. Ile dakika ya nane niliinama mbele ya dishi kuangalia kivuli cha kipokezi, kile kifaa cha mbele kinachonasa mawimbi, kama ninavyofanyaga kazini. Ningeweza kufuta, hakuna ambaye angejua. Nikawapigia wote wawili kwa pamoja.

"Mwalimu, rekodi ya Bunda itupwe. Nimeiharibu kwa kichwa changu."

"Isome kwanza."

Nikasoma. Fundi wa Nyakato akacheka. "Ya kumi na tisa ninayo. Hiyo ya nane sina, labda huko mna majua mawili."

"Hata mimi ni kumi na tisa," mwalimu akasema. "Fundi, hebu rudisha kichwa hapo."

Nikarudisha. Mshale ukapanda. Nikatoa, ukashuka. Akanieleza kwamba kitu chochote chenye joto hutoa mawimbi: jua, ng'ombe, hata mimi.

"Kwa hiyo haitupwi?"

"Itupwe kwa nini? Ndiyo maana tuko watatu."

Nilirudia mara sijui ngapi, nikifurahi kama mtoto. Mke wangu naye akataka kujaribu. Kwake mshale ulipanda kuliko kwangu. Labda alisogea karibu zaidi, sijui, lakini nimeandika kama nilivyoona.